Kijana Anayepunga Mkono

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mwongozo ulioandikwa na watu wengi kwa ajili ya watu wengi, je, mtu mmoja mwenye hasira ana haki ya kuufungua na kuubadilisha? Nililigeuza kila upande. Nikisema ndiyo, basi kesho mwingine mwenye hasira zake ataamua vichwa vyote vya habari viwe vya rangi ya waridi, na keshokutwa wa tatu atafuta kazi ya huyo wa pili, na hapo hatuna mwongozo tena, tuna fujo. Nikisema hapana, basi kosa likishakubaliwa na watu wa kutosha linageuka kuwa sheria. Mama aliponiona asubuhi macho yamevimba, alidhani ni mambo ya mvulana. Nilitamani yangekuwa ya mvulana.

Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka ishirini na minane, na baba yangu, aliyestaafu reli baada ya kuvunjika mgongo kwa kazi, alicheka pia. Lakini kazi ile nimeiacha na sirudi, na ninyi mliokalia viti vyetu mmeomba, kupitia kwa Rispa, niwaandikie jinsi mwongozo wa mwonekano wa kurasa za mtandao ulivyotengenezwa. Basi naandika. Sitawaambia nilikuwa nalipwa nini wala nilipewa cheo gani. Mishahara yenu mnaijua, na vyeo vya ofisi ile vilikuwa vinagawanywa kama peremende ili watu wasiulize habari ya mishahara.

Siku ya kwanza nilifika mapema mno, nikakaa kwenye ngazi juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale mtaa wa Donholm, Nairobi, nikijiuliza kama kufika mapema kunaonyesha bidii au kunaonyesha mtu asiye na shughuli. Collins, mkuu wa timu, alinikuta hapo. Aliniuliza kama mimi ni yule wa kuleta misumari. Nikasema hapana, mimi ni Nekesa, ni mbunifu mpya. Akanipa kiti chenye mkono mmoja.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na nataka hilo lieleweke kabla sijaanza kukasirika. Mtandao ule ni wa wakazi. Kila mtaa una kurasa zake, na mkazi yeyote aliyejisajili anaweza kuandika, na kurekebisha alichoandika mwenzake: maji yamekatika lini, nyumba gani iko wazi, mtoto gani amepotea, nani amefariki, mpira unachezwa wapi Jumamosi. Nilipoingia, kila ukurasa ulikuwa na sura yake. Mtaa wa Umoja walipenda kijani chenye kivuli. Kanisa moja lilikuwa na herufi za aina saba katika tangazo moja la kesha. Kulikuwa na mtaa ambao maandishi yake yalimetameta kama duka la simu. Ukitoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ulijiona kama umeingia nyumba ya watu bila hodi, hujui choo kiko wapi. Sisi tulitakiwa kuleta sura moja, ili mtu wa Umoja akisoma ukurasa wa mtaa mwingine ajue mara moja wapi pa kubonyeza. Mpaka leo naamini ile ni kazi ya heshima.

Jioni ya siku ile ya kwanza nilimuuliza Collins ni nani anayeamua kipi ni kizuri.

Akajibu, "Sisi."

Nikauliza, tukikosea je? Akawageukia wengine akasema, "Huyu atatusumbua," huku akicheka. Nilikwenda nalo nyumbani neno hilo. Nililichambua wiki nzima, kama ni sifa au ni onyo. Siku hizi nalijua jibu, lakini wakati ule nilimpa nafasi ya kuwa mtu mzuri.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Rispa. Alikuwa amepanga kurasa za magazeti miaka mingi kabla ya magazeti kupunguza watu, na wazazi wake wanatoka upande uleule wa magharibi mwa Kenya walikotoka wangu, kwa hiyo tangu mwanzo aliniita mdogo wangu na kunigombeza kama mdogo wake. Chombo chake kikuu hakikuwa kompyuta. Kilikuwa simu ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka, aliyoinunua makusudi ikiwa imepasuka. Kila rangi tuliyoichagua, kila ukubwa wa herufi, alipanda nayo mpaka paani, mahali ambapo wapangaji huanika nguo, akaisimamisha kwenye jua la saa sita na kumpa simu yeyote aliyekuwa pale.

"Usimuulize kama inapendeza," aliniambia. "Atakwambia inapendeza, watu wana adabu. Muulize inasema nini."

Kwa njia hiyo tuliokoa ukurasa wa maji wa Umoja. Collins alikuwa amependa herufi nyembamba za kijivu juu ya nyeupe. Kwenye kompyuta kubwa ya ofisi zilikuwa za kuvutia, kama kadi ya harusi ya watu wenye pesa. Rispa alizipeleka paani akampa mama mmoja aliyekuwa anakamua shuka. Yule mama aliitazama simu, akaigeuza, akairudisha na kusema, "Hii imeisha chaji, mama." Ratiba yote ya maji ya mtaa mzima ilikuwa mbele ya macho yake. Tulishuka, tukafanya herufi nyeusi na nene. Collins alinuna lakini akakubali. Nilijifunza kwamba ofisini hasira haibebi uzito wowote mpaka uwe umeshika simu yenye ushahidi. Kama mnachukua jambo moja tu humu, chukueni hilo la simu.

Wafadhili walikuja tulipokuwa tumekaribia kumaliza. Sina ubaya na wafadhili kwa jumla. Walikaa saa moja, wakanywa chai, wakasema kurasa zetu ni safi lakini ni baridi, hazina nyuso za watu. Walipoondoka tu Collins alikuwa na kanuni mpya. Kila tangazo lazima liwe na picha juu. Mwandishi asipoweka picha, mfumo utamwekea mchoro. Michoro ilinunuliwa tayari kutoka nje, ile ya watu wenye miguu mirefu na vichwa vidogo na ngozi ya zambarau, ambao hawajawahi kuonekana katika mitaa yetu ya Eastlands wala kwingine kokote duniani. Mchoro wa upande wa matangazo ulikuwa wa kijana. Amekenua meno yote, mkono mmoja ameuinua juu, anapunga.

Katika mkutano nilinyoosha mkono. Nilikuwa nimejiandaa, nimefikiria mifano mpaka nikachoka. Nikauliza, tangazo la mtoto aliyepotea je? Tangazo la msiba je?

"Nekesa, watu wataweka picha zao wenyewe," Collins alisema. "Ni nani hana picha siku hizi? Hata kuku ana picha."

Watu wakacheka. Nikaambiwa jambo hilo litaangaliwa katika toleo lijalo. Ninyi wapya, mkisikia maneno "toleo lijalo", jueni kwamba mmeambiwa mnyamaze kwa lugha ya ofisi.

Sasa niwajulishe Bi Zuhura, kwa sababu hasira yote hii ni juu yake. Anauza mikoba na viatu vya ngozi katika soko la Kariokor, na ni mhariri wa ukurasa wa mtaa wake, aliyehakikiwa na ofisi yetu, tena kwa maoni yangu ndiye mhariri bora tuliyepata kuwa naye. Alisahihisha tarehe za watu bila kuwaaibisha. Alifuta matusi ya wakati wa siasa kimyakimya kama mtu anayefuta vumbi. Akiwa na malalamiko kuhusu kazi yetu alinipigia mimi, na alianza kwa kuuliza hali ya mama, ya baba na mgongo wake, ndipo akaniambia kitufe fulani hakifai.

Asubuhi moja ndugu yake mkubwa, Mzee Athman, alifariki. Alikuwa amefanya kazi kwenye karakana za baraza la jiji, na wenzake wa kazini wametawanyika mitaa yote. Familia ile humzika marehemu siku hiyohiyo, na huwa hawatoi picha yake. Bi Zuhura aliandika mistari michache: jina, nyumba ilipo msiba, na kwamba maziko ni leo baada ya sala ya alasiri. Hakuweka picha. Akabonyeza.

Mfumo ukamwekea kijana.

Nilikuwa mezani simu ilipolia. Safari hii hakuuliza hali ya mama.

"Nekesa, mwanangu, huyu kijana anayecheka juu ya jina la ndugu yangu ni nani?"

Nikafungua ukurasa huku nimeshika simu. Alikuwa pale, meno nje, mkono juu, na chini yake: Mzee Athman ametutoka.

"Ni mchoro tu, Bi Zuhura," nilisema. "Mfumo ndio umeuweka."

"Basi uambie mfumo watu wananipigia kuniuliza kama huu ni mzaha. Maiti bado imo ndani."

Nilimwambia nautoa sasa hivi. Nilijaribu. Kila nilipoutoa ulirudi, kwa sababu mchoro haukuwa katika ukurasa, ulikuwa katika mwongozo, na mwongozo hauruhusu tangazo lisilo na picha. Tulikuwa tumeujenga vizuri mno. Mwishowe nilitengeneza mraba mweupe mtupu, nikaudanganya mfumo kwamba huo ndio uso wa mtu, ukakubali. Lakini watu walikuwa wameshapiga picha ya ukurasa na kuisambaza katika makundi ya simu. Mjinga mmoja alikuwa ameandika chini yake, "Mzee anawaaga." Wazee wawili waliofanya kazi na marehemu karakanani waliambiwa na wajukuu wao kwamba ukurasa umeingiliwa na wahuni, wasiuamini. Walifika jioni, kaburi limeshafunikwa. Mmoja wao, niliambiwa baadaye, alisimama nje ya mlango muda mrefu akiwa na kofia mkononi, hajui aingie aseme nini.

Siku iliyofuata nilidai kanuni ile iondolewe. Nilisema mengi, na sauti yangu haikuwa ya ofisini. Collins alisikitika, nampa haki yake, alisikitika kweli. Akasema tupeleke mchele na sukari msibani. Kisha akasema mwongozo unafungwa Ijumaa, na ukishafungwa, badiliko lolote litapitia kwa wafadhili, na tukifungua sehemu ya picha sasa tutachelewesha uzinduzi rasmi.

"Na ni mara moja tu, Nekesa. Hao ni wachache."

Nikamwambia hao wachache wana misikiti na maduka na wamekaa Nairobi kabla babu zetu hawajapanda gari moshi kuja huku. Akatazama saa. Nilimtazama Rispa. Rispa alikuwa anatazama meza. Kwenye ngazi nilimngoja, na akaniambia kabla sijasema lolote, "Mdogo wangu, nina watoto wawili shuleni." Kwa siku kadhaa nilimkasirikia yeye kuliko Collins, jambo ambalo halina haki, lakini tunamkasirikia zaidi yule tuliyemtegemea. Nimemsamehe. Yeye anajua, ndiyo maana ananituma niwaandikie.

Mchele na sukari nilivipeleka mimi. Nilikaa mkekani na wanawake, kichwa nimekifunga leso ya mama. Nilipompa pole Bi Zuhura alinijibu ameshapoa, kama inavyojibiwa, kisha akanivuta pembeni karibu na mlango wa jikoni. Hakupaza sauti. Aliniambia ameamua kuwaambia watu wa mtaa wasiandike tena msiba pale, watarudi kubandika karatasi ukutani na kutuma watoto nyumba kwa nyumba. Na yeye mwenyewe anaacha uhariri. Nikaanza kumweleza kwamba ile ni kanuni ya timu, imekubaliwa na wote.

"Mlipokuja kule sokoni mkaniambia mtandao huu ni wetu," alisema. "Ni wetu gani, mwanangu, kama siwezi kumtoa mtu anayecheka msibani mwangu?"

Nilirudi nyumbani na lile swali nililowaambia mwanzo, na nikakaa nalo.

Sasa niwaeleze namna badiliko lilivyokuwa linapita, maana hapo ndipo nilipokwama. Hakuna mtu aliyeweza kubadilisha mwongozo peke yake. Mmoja anaandika, wa pili anasoma na kukubali. Nilikuwa na akaunti, ningeweza kuandika, lakini nani angekubali? Collins, hapana. Rispa nilikuwa nimeshamsikia na sikutaka kumuuliza mara ya pili, kwa sababu angekubali kwa huruma na kujutia ada za shule. Nikausoma tena utaratibu wetu, si kwa ujanja, nilikuwa natafuta tu kama kuna mahali pa kukata rufaa. Uliandikwa kwamba wa pili awe mhariri yeyote aliyehakikiwa. Basi. Miaka yote tulikuwa tumeusoma kama mtu yeyote wa ofisini, na hakuna aliyewahi kumuuliza mkazi hata mmoja jambo lolote. Tulijenga kanuni za watu wote, tukazipitisha wenyewe kwa wenyewe juu ya duka la misumari.

Hapo nilikasirika upya, lakini hasira hii ilikuwa tofauti, ilinituliza. Swali langu lilikuwa limeulizwa vibaya. Sikuwa mtu mmoja. Kulikuwa na mtu wa pili siku zote, ila hatukumpa kiti.

Hata hivyo mimi ni mimi. Nilijiuliza kama nafanya kwa siri kwa sababu ni sahihi au kwa sababu naogopa, na nikaona njia ya kujua ni kuondoa siri. Alhamisi mchana nilimpigia Collins. Nikamwambia nitakachobadilisha, nitakibadilisha na nani, na lini.

Akasema, "Ukifanya hivyo, Jumatatu usije."

Nikamwambia nimesikia.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Kariokor. Bi Zuhura alikuwa amefungua kibanda, anapanga viatu, na aliponiona na kompyuta kwapani alidhani nimemletea mchele mwingine. Nilimweleza yote, pamoja na habari ya Jumatatu. Akaniuliza kama mama anajua. Nikasema mama anajua. Akasema akaunti yake ya uhariri hajaifunga bado, akafuta mikono, akavaa miwani, akasogeza kiti cha wateja.

Nilikuwa nimeandika kwamba matangazo ya misiba ya Waislamu yasilazimishwe picha, wala mfumo usiweke mchoro. Nilikuwa nimeipima kila herufi na nilikuwa najivuna nayo kidogo. Bi Zuhura aliisoma polepole, akarudia, akatikisa kichwa.

"Toa Waislamu. Andika familia yoyote."

Nikamwambia ni wao walioumizwa.

"Jirani yangu wa mlango wa pili ni Mkristo kama wewe. Mwaka jana alizika mtoto aliyekufa hata jina hajapewa. Yeye picha angeitoa wapi? Mngemwekea huyu kijana?"

Nilikaa pale na kompyuta mapajani nikaona aibu, halafu nikaona wazi kwamba huyu ndiye tuliyekuwa tunamhitaji kwenye meza ile tangu siku ya kwanza. Nikafuta neno. Nikaandika: tangazo la msiba halihitaji picha, familia inaweza kutoiweka, na isipoiweka mahali pake pabaki wazi, na mfumo usijaze. Akanirudisha nyuma mara nyingine kwa sababu niliandika "inaweza" mahali alipotaka "isilazimishwe". Akaridhika. Mteja alikuja kuuliza bei ya mkoba, akaambiwa asubiri, kuna kazi.

Niliituma kwa jina langu. Ikatokea kwenye simu yake, na vitufe viwili, kukubali au kukataa. Alisoma tena yote kutoka juu, ingawa alikuwa ameyasoma hivi punde. Akabonyeza kukubali.

Mkifungua sehemu ya matangazo leo mtaikuta sentensi hiyo, na chini yake majina mawili, la kwangu na la kwake. Mwongozo ulifungwa jioni ile nayo ikiwa ndani. Mkitaka kuibadilisha mnajua mtamtafuta nani awasomee, na anapatikana sokoni kila siku isipokuwa wakati wa sala.

Tuliufungua ukurasa wa Mzee Athman pamoja. Ulikuwa na jina lake, nyumba na wakati wa maziko yaliyokwishapita, na juu yake hakukuwa na kitu. Bi Zuhura aliuangalia, akavua miwani, akamwita mteja wake. Mimi nikafunga kompyuta na kwenda Donholm kuirudisha ofisini, siku hiyohiyo, sikungoja Jumatatu.